Ghairi, Kisha Ngoja Jibu

Mtambo ukisifiwa, mara nyingi husifiwa kwa kuwaka kwake. Pampu imenguruma, maji yametoka, utepe umekatwa, wageni wamepiga makofi. Makala haya yanasifu kazi isiyokatiwa utepe: kazi ya fundi aliyehakikisha kwamba amri iliyokwisha kutolewa inaweza kughairiwa, na kwamba aliyeighairi atajua kwa yakini kuwa imeghairiwa kweli.

Kandokando ya Ziwa Victoria kazi hiyo ina uzito wake. Pale Ihelele, wilayani Misungwi, maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, kisha husukumwa hadi juu ya kilima cha Mabale, na kutoka huko huteremka yenyewe kuelekea Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009, na mtambo wake ulijengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 kwa siku. Miaka iliyofuata bomba likaendelezwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Jijini Mwanza, chanzo cha Capri Point kina uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na kile kipya cha Butimba lita milioni 48.

Maji mengi kiasi hicho yakipandishwa mlima ndani ya bomba hayapendi kushtuliwa. Lita moja ni kilo moja. Bomba pana lenye urefu wa kilometa kadhaa limebeba maelfu ya tani zinazotembea. Mwendo wa maji hayo ukibadilika ghafla kwa mita moja tu kwa sekunde, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba la chuma kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde, na shinikizo laweza kupanda kwa bar 10 hivi, sawa na kubebeshwa kina cha maji cha mita 100 zaidi. Hapo ndipo bomba hupasuka na viungio kung'oka. Ndiyo maana vali kubwa hufungwa polepole na pampu huzimwa kwa utaratibu. Amri haitolewi ovyo, na haighairiwi ovyo.

Mitambo ya namna hii, kama ilivyo ile ya viwanda vya samaki, soda na bia, duniani kote huongozwa na PLC. Hiyo ni kompyuta ngumu ya viwandani, iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Dick Morley na wenzake wa Marekani walipounda Modicon 084 ili kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa relei. Tabia yake ni moja. Husoma sensa zote, hupitia programu tangu juu hadi chini, huandika matokeo kwenye vifaa vyake, kisha huanza upya. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde chache, au makumi kadhaa ya milisekunde programu ikiwa ndefu.

Lakini PLC ikitaka kusema na kifaa kilicho mbali, labda vali iliyo mlimani au mita ya maji ng'ambo ya ghuba, mara nyingi haisemi yenyewe. Hukabidhi ujumbe kwa jirani yake ndani ya kabati: moduli ya mawasiliano, ambayo mafundi huiita kadi. Kadi hiyo ina akili yake, kumbukumbu yake na mwendo wake wa saa. PLC inazunguka kwa kasi yake, kadi nayo kwa yake, wala hakuna inayoingoja nyingine ila kwa makubaliano. Kati yao kuna biti chache tu, kila moja ikiwa 0 au 1, na kwa biti hizo ni lazima waelewane kuhusu kila kitu, pamoja na jambo gumu kuliko yote: nilichokuagiza, usikifanye tena.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba analijua tatizo hili bila kusomea umeme. Asubuhi amempigia wakala wake wa Ukerewe apakie magunia. Saa nne bei imeshuka, anataka kusitisha. Akituma ujumbe wa "usipakie" na asipate jibu, hajasitisha kitu, ametamani tu. Huenda wakala hajauona. Huenda ameuona magunia yakiwa nusu ndani ya boti. Huenda boti imeshang'oa nanga. Anachohitaji mfanyabiashara ni jibu lenye mambo mawili: kwamba ujumbe umesikika, na kwamba mzigo sasa uko hapa.

Tuisogelee kadi tuone inavyojibu. Majina ya biti hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini umbo lake halitofautiani sana. Upande wa programu kuna biti mbili, Ombi na Ghairi. Upande wa kadi kuna nne: Inaendelea, Imekamilika, Hitilafu na Imeghairiwa. Tuseme programu imeiagiza kadi iiambie vali ya mbali ifunguke hadi asilimia 60. Ombi iko juu, nayo kadi imepandisha Inaendelea. Ghafla mwendeshaji anaona kina cha tangi si kile alichodhani. Anabonyeza kughairi.

Hatua ya kwanza, programu inapandisha Ghairi na kuishikilia juu. Haiipandishi na kuishusha papo hapo, kwa sababu kadi hutazama kwa wakati wake, na mpigo mfupi waweza kupita katikati ya mitazamo miwili bila kuonekana. Hatua ya pili, kadi inaiona, inasimamisha kinachoweza kusimamishwa, inasafisha foleni yake, inashusha Inaendelea na kupandisha Imeghairiwa. Hatua ya tatu, programu inaliona jibu hilo, inashusha Ombi, kisha inashusha Ghairi. Hatua ya nne, kadi inaona kwamba Ghairi imeshuka, nayo inashusha Imeghairiwa. Sasa biti zote ni sifuri. Ni hapo tu amri mpya inaporuhusiwa kuingia.

Hatua nne kwa jambo ambalo mgeni angedhani linatosha kwa moja. Lakini jaribu kuondoa yoyote kati yake. Programu ikishusha Ghairi huku Ombi ingali juu, kadi inayosoma hali ya biti badala ya mpando wake itaona ombi bichi limesimama mlangoni, na amri iliyozikwa itafufuka. Ukiondoa hatua ya nne, matokeo ni mabaya zaidi. Imeghairiwa ya jana itabaki juu, na siku nyingine mwendeshaji akighairi, programu itasoma jibu hilo la zamani na kumwambia kwamba tayari, jambo limesimama, wakati kadi haijasikia hata ombi lenyewe. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kila kitu kitaonekana sawa kwenye skrini, na vali itaendelea kufunguka. Mafundi wanayaogopa makosa ya aina hii kuliko yale yanayopiga king'ora, na wana haki.

Miongozo ya kadi hizi husomwa na wachache, tena kwa kulazimika. Mimi huisoma kwa kupenda, na kuna maelezo ya kadi moja ambayo siyachoki. Kadi hiyo ni CP 340 ya Siemens, ya mawasiliano ya waya wa siriali. Bloku yake ya programu ya kutuma, iitwayo P_SEND, ina mlango wa REQ wa kuombea na mlango wa R wa kughairia. Mwongozo unaeleza kwamba R ikipanda, kazi iliyokuwa ikiendelea inasitishwa na bloku inarudi hali yake ya mwanzo. Kisha unaongeza tahadhari: data ambayo kadi imekwisha kuipokea kutoka kwenye PLC itaendelea kutumwa kwa mwenzake wa upande wa pili. Na R ikiachwa juu, kutuma kumefungwa.

Tahadhari hiyo ni uungwana wa kiufundi. Aliyeiandika angeweza kuishia kwenye neno kusitisha na kumwacha mnunuzi afurahi. Badala yake ameonyesha mpaka wa uwezo wa chombo chake: hapa kughairi kwangu kunafika, hapa hakufiki. Gunia lililokwisha kuingia botini litafika gatini. Fundi anayesoma hayo anajua la kufanya. Anajua kwamba R peke yake haitoshi kwa vali ya mlimani, na kwamba akitaka uhakika hana budi kutuma ujumbe wa pili wa kuutangua ule wa kwanza, kisha aisome vali yenyewe imesimama wapi.

Hapo panafunguka somo jingine la ufundi huu, nalo ndilo linalomtenganisha fundi hodari na mwanafunzi. Kughairi si kurudisha. Vali iliyokuwa ikifunguka hadi asilimia 60, ikighairiwa njiani, inaweza kusimama kwenye 25. Haijafungwa, haijafunguka inavyotakiwa, na maji yanapita. Je, iachwe hapo? Irudishwe kwenye sifuri? Au, kwa sababu ya uzito wa maji yaliyomo bombani, ni salama zaidi iachwe imalize safari yake kwanza, ndipo ifungwe taratibu? Hizo ni amri tatu tofauti, na hakuna kadi itakayochagua kwa niaba yako. Fundi huketi na mhandisi wa maji, wakakubaliana kwa kila kifaa, ndipo anaandika. Katika programu nzuri utakuta sehemu ya kughairi ni ndefu kuliko sehemu ya kuanzisha. Ukiona hivyo, jua kuna mtu aliyefikiri.

Watengenezaji wengine nao wameliendea jambo hili kwa uangalifu wao. Katika PLC za Allen-Bradley, agizo la MSG la kutuma ujumbe lina biti zake: EN ya kuwezeshwa, EW ya kungoja zamu, ST ya kuanza, DN ya kukamilika, ER ya kosa, na TO ya muda kupita. Mwandishi wa programu anaweza kuipandisha TO kwa mkono wake mwenyewe, na mashine itaacha kuushughulikia ujumbe huo na kupandisha ER. Angalia mahali ilipowekwa kazi iliyoghairiwa: upande wa yasiyofanikiwa. Haihesabiwi kamwe kuwa imekamilika. Nayo jumuiya ya PLCopen, katika kanuni zake kuhusu mitambo ya mwendo, iliweka matokeo manne kwa bloku za mwendo: Busy, Done, CommandAborted na Error, na ikaamuru kwamba kwa wakati mmoja litawaka moja tu. Kughairiwa kumepewa nafasi yake pekee, mbali na kosa na mbali na mafanikio.

Sharti hilo la moja tu lina kazi kubwa. Fikiria mwendeshaji anabonyeza kughairi katika milisekunde ileile ambayo kazi inakamilika. Ombi la kughairi linakwenda, habari ya kukamilika inakuja, zinapishana njiani. Kadi iliyotengenezwa vyema itachagua jibu moja na kulishikilia. Kama kazi ilikwisha kabla ya kughairi kufika, jibu ni Imekamilika, hata kama mwendeshaji hakulitaka. Mwanafunzi huandika programu inayongoja Imeghairiwa peke yake, na siku mbio hizo zikitokea, programu yake hukaa ikingoja jibu lisilokuja. Fundi aliyekomaa huandika kwamba akishaghairi atapokea jibu lolote kati ya haya: imeghairiwa, imekamilika, au hitilafu. Halafu anaweka saa pembeni. Muda ukipita kimya kimya, haandiki imeghairiwa wala imekamilika. Anaandika kwamba hali haijulikani, na programu inakwenda kuisoma vali moja kwa moja. Kuwa na ujasiri wa kuandika haijulikani ndani ya programu ni sehemu ya ufundi.

Kumbe ustadi huu ulikuwa ziwani kabla ya PLC. Mv Victoria ilitengenezwa na kampuni ya Yarrow kule Uskoti, ikaja kuunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati ilirejea majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikifanya safari za Mwanza na Bukoba. Meli za kizazi chake zilitumia telegrafu ya injini. Nahodha husogeza mkono wa shaba hadi mwendo anaoutaka, kengele inalia chini kwenye injini, na fundi wa huko anasogeza mkono wake hadi mshale wa jibu ulingane na mshale wa amri. Nahodha akibadili nia, husogeza tena na kungoja tena. Mpaka mishale ilingane, aliye juu hana haki ya kusema meli imepokea. Na hata ikilingana, anajua chombo kizito kitaendelea kuserereka kwa muda. Jibu la amri na hali ya meli ni vitu viwili.

Gridi ya umeme nayo imeyaandika haya kwa namba. Kuna kanuni za kimataifa za IEC 60870-5, ambazo toleo lake la 101 lilitoka mwaka 1995 na lile la 104, linalopita kwenye mtandao, mwaka 2000. Hizo ndizo lugha ambazo vituo vya udhibiti katika nchi nyingi hutumia kuvisemesha vituo vya kupozea umeme. Kila ujumbe hubeba namba ya sababu yake. Namba 6 ni kuamuru, 7 ni kukiri kwamba amri imepokelewa, 10 ni kusema kazi imekwisha. Namba 8 ni kughairi, na ina jibu lake rasmi, namba 9. Kwa breka kubwa, amri hutolewa mara mbili: kwanza breka inachaguliwa, kituo kinakiri, ndipo amri ya kutekeleza inafuata. Katikati ya hatua hizo mwendeshaji anaweza kutuma 8 na kungoja 9, na breka isiguswe. Walioandika kanuni hizo waliona kwamba kuacha kufanya jambo kunastahili namba yake, na kwamba namba hiyo nayo inastahili kujibiwa.

Ufundi huu hupimwa zaidi umeme unapokatika katikati ya kazi. PLC nyingi zina kumbukumbu inayohifadhi baadhi ya biti hata umeme ukizimika. Kadi huamka ikiwa tupu. Umeme ukirudi, PLC inaweza kuwa inakumbuka kwamba Ombi ilikuwa juu, na kadi haikumbuki chochote. Bila uangalifu, amri ya nusu saa iliyopita itatekelezwa upya katika hali ambayo imeshabadilika. Kwa hiyo fundi makini huandika utaratibu wa kuamka: shusha biti zote, ngoja kadi ionyeshe sifuri kote, soma hali halisi ya vali na pampu, ndipo ukubali amri. Sekunde chache hizo za kungoja humfanya mwendeshaji aone mtambo ni mzito. Ni gharama ndogo.

Masafa nayo yana ukomo wake. Redio inapovuka maji, ujumbe unaweza kupotea, na jibu linaweza kupotea, na jibu la jibu pia. Mwaka 1978 mtaalamu wa kompyuta Jim Gray alilipa tatizo hili jina la majemadari wawili: wenye kusemezana kwa njia isiyoaminika hawawezi kufikia uhakika kamili wa pamoja, hata wakijibizana mara ngapi. Mafundi hawakati tamaa kwa hilo. Huweka namba ya mfululizo kwenye kila amri ili jibu la zamani lisichukuliwe kuwa la leo, hurudia ujumbe kwa kiasi, na hukiwekea kifaa cha mbali sheria yake chenyewe: ukikaa muda fulani bila kusikia sauti ya kituo, rudi kwenye hali salama tuliyokubaliana. Kwa sababu hiyohiyo kitufe chekundu cha dharura hakipitishwi kwenye mazungumzo haya ya kughairi. Kina njia yake ya usalama, ya waya au ya vifaa vilivyoidhinishwa kwa kazi hiyo tu, kwa kuwa mkono wa mtu ukiwa karibu na mkanda wa kiwandani hakuna wa kungoja hatua nne.

Yote haya huonekana siku ya majaribio, kabla mtambo haujakabidhiwa. Asiyejali hujaribu kuwasha na kuzima, akasaini. Mwenye kujali ana orodha ndefu zaidi. Anaghairi kabla kadi haijaanza kutuma. Anaghairi katikati. Anaghairi kazi ikiwa imeshakwisha. Anaghairi mara mbili mfululizo. Anachomoa kebo ya mawasiliano kisha anaghairi. Anazima umeme kabla jibu halijarudi. Kila mara anaandika programu ilisema nini na vali ilikuwa wapi hasa, na viwili hivyo visipolingana anarudi mezani. Ni kazi ya siku nzima, ya kuketi mbele ya kabati lililo wazi, na mwisho wake hakuna cha kumwonyesha mgeni.

Vijana wengi wanaingia katika fani hii sasa, wakiwemo wanaosoma VETA Nyakato na katika vyuo vingine vya ufundi nchini. Somo la kwanza la PLC huwa kuwasha taa, la pili kuizima. Ningependa la tatu liwe kughairi. Halihitaji maabara ya gharama: PLC mbili ndogo, waya kati yao, na mwalimu atakayeuchomoa waya huo wakati mwanafunzi hajatarajia. Kijana aliyefundishwa hivyo mapema hatamwambia mwendeshaji kwamba jambo limesimama kabla mtambo wenyewe haujamwambia.